Jiko la Kihambani: Mafunzo Niliyopata kwa Chuma, Mbao na Saruji

Nyumba ya wazazi wangu iko kwenye kihamba chetu upande wa Marangu, migomba mbele, kahawa nyuma. Mimi ni kitindamimba, na kwa desturi ya Wachaga mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na mzazi aliyemo. Mwaka mmoja baada ya msiba wa baba, mama alikubali tulitengeneze jiko upya. Mke wangu alikuwa na picha alizokuwa amezihifadhi kwa muda mrefu, za mtindo ambao Wamarekani wameuunga kutoka sehemu mbili: jiko la nyumba ya shamba, lenye mbao nzito, sinki pana na vyombo vinavyoonekana, na karakana, yenye mabomba wazi, saruji tupu na taa zinazoning'inia.

Upande wa karakana una historia yake. Katika miaka ya 1960 wasanii wa New York walihamia kwenye viwanda vilivyoachwa vya mtaa wa SoHo, wakaishi humo bila kuficha nguzo wala mabomba, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu kisheria. Upande wa shamba ulivuma zaidi kwa televisheni, tangu kipindi cha Fixer Upper cha Chip na Joanna Gaines wa Waco, Texas, kilipoanza mwaka 2013.

Kilichonivuta mimi ni kwamba katika picha zile niliona vitu vya kwetu: mabati, karai, vikombe vya bati, mbao za ghala. Kazi ilichukua miezi mitano, na haya ndiyo yaliyonibakia.

1. Kabla ya kuangalia picha, mpime anayepika

Mama alisimama wima, akakunja mkono, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko: sentimita 96. Meza ya kukatia inafaa iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15, vinginevyo mabega hupanda na mgongo huuma. Kaunta nyingi hujengwa kwa sentimita 90. Yetu ina 84.

Kisha nikakaa jikoni siku tatu nikimtazama. Niliona kwamba ndizi hamenyi akiwa amesimama. Anakaa kwenye kigoda, karai mbele yake, maganda upande wa kushoto. Katika picha zote za mke wangu palikuwa na meza kubwa katikati ya jiko. Tukaifuta kwenye mchoro, mahali pale pakabaki pa kigoda na karai. Sakafu yenyewe, ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta, hatukuigusa. Ilikuwa tayari nzuri kuliko chochote nilichoweza kununua.

2. Mbao ya zamani huja na wakazi wake

Baba aliacha ghala lililokuwa limeegemea upande mmoja. Mbao zake zilikuwa za mgrevilea, mti uleule tunaoupanda kuipa kahawa kivuli, na zilikuwa zimepata rangi ya kijivu ambayo hakuna vanishi iwezayo kuiiga. Nilizipiga msasa, nikazipaka vanishi, tukazipandisha ukutani kuwa rafu. Wiki ya tatu mama akaniita asubuhi na mapema. Juu ya sahani palikuwa na vumbi laini kama unga.

"Baba, mbao zako zimebunguliwa."

Bungua wa aina hii hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti, yenye wanga, na kiini mara nyingi hukiacha. Boraksi iliyoyeyushwa katika maji ya moto huwazuia, lakini huingia kwenye mbao tupu tu. Vanishi huifungia nje. Ikabidi tuzishushe zote na kuzikwangua upya. Siku hizi ubao wa zamani naukagua kwanza juani kutafuta matundu madogo, naugonga kusikia kama umekuwa mtupu ndani, nakata ukingo mweupe wote, napaka boraksi mara mbili, nasubiri ukauke kabisa, ndipo vanishi ifuate.

Kuna mambo mawili ya hatari zaidi ya wadudu. Mlango wa ghala ulikuwa na rangi ya zamani sana, na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi; usiipige msasa ikiwa kavu, hasa penye watoto. Jambo la pili ni paleti, zile chaga za mbao za kubebea mizigo, ambazo watu wengi huzigeuza rafu na meza. Zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri: herufi HT maana yake mbao zilipashwa joto, MB maana yake zilifukizwa kwa sumu ya methili bromaidi. Yenye MB isiingie jikoni. Hata yenye HT, kama ina madoa, haisemi ilibeba nini.

3. Usimwambie fundi achomelee bomba lenye zinki ndani ya chumba

Hili bado linaniuma. Nilinunua mabomba ya maji ya nusu inchi ya kushikilia rafu, yale meupe yaliyopakwa zinki yasishike kutu. Manyunyu ya mwezi wa sita yalikuwa yakianguka na mimi nilikuwa na haraka, nikamwomba fundi wa kuchomelea aingie stoo afanyie kazi humo. Moshi mweupe ulijaa hadi kwenye mlango. Usiku ule alitetemeka kwa baridi, akapata homa, kifua kikambana. Nyumbani kwake walisema malaria. Kipimo kilionyesha hana malaria.

Ilikuwa homa inayotokana na mafusho ya chuma. Zinki huchemka kwenye nyuzijoto 907 hivi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na 1,500. Kwa hiyo kabla chuma hakijaanza kushikana, zinki imeshakuwa mvuke, na mvuke ule ukipoa hewani hugeuka vumbi jeupe ambalo mchomeleaji hulivuta. Kwa kawaida homa hiyo huisha kwa siku moja au mbili, na yeye alipona. Mafundi wengi huamini maziwa yanawakinga. Hayawakingi. Kinachokinga ni kukwangua zinki yote mahali pa kuchomelea, kufanyia kazi nje penye upepo, na kuvaa barakoa ya mafusho.

Na kumbe hapakuwa na haja ya kuchomelea. Fundi bomba alikuja na kifaa chake, akachonga meno kwenye ncha za mabomba, akayaunga kwa elbo, tii na flenji za ukutani. Kazi ya nusu siku, bila moshi, na kila kipande kinafunguka kwa spana. Flenji zetu zimeshikwa na skrubu zilizoingia ndani ya tofali lenyewe, si kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, kwa sababu pale ndipo rafu hung'oka.

Mke wangu alitaka mabomba yawe meusi kama ya pichani. Rangi ya mafuta ya kawaida haishiki juu ya zinki, hubanduka kwa magamba. Inahitaji kusuguliwa kwa msasa na kupakwa kwanza praima inayoshika juu ya zinki. Tuliamua kuyaacha na kijivu chake, nami nafikiri yanaendana na mbao vizuri zaidi.

4. Saruji haisahau

Kaunta tuliimimina palepale: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto ndogo tatu, unene wa sentimita tano, wavu wa chuma katikati. Tuliifunika kwa magunia na kuyamwagia maji siku saba, kisha tukaiacha hadi siku ya 28. Iliposuguliwa ikawa laini kama jiwe la mtoni. Niliipenda sana.

Siku ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu, jiko lilijaa wageni. Mtori wetu wa ndizi kwa watu wengi unataka mikungu kadhaa, na karai moja halikutosha, basi ndizi zikamenywa juu ya kaunta. Utomvu wa ndizi mbichi hauonekani unapodondoka. Ukipata hewa huwa kahawia, halafu mweusi. Asubuhi yake kaunta ilikuwa na madoa ya michirizi ambayo hayajatoka hadi leo. Ndimu ilifanya kinyume, ikaacha alama nyeupe za mviringo, maana asidi hula chokaa iliyo ndani ya saruji.

Nilitafuta dawa kila mahali. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na kusuguliwa kwenye saruji iliyopashwa joto inasaidia dhidi ya mafuta na maji, na inabidi irudiwe kila miezi michache. Ndimu ikikaa, bado inapenya. Mama ndiye aliyetatua jambo. Alichukua ubao mnene wa mninga, akaulaza juu ya kaunta karibu na sinki, akatangaza kwamba hapo ndipo pa kukatia. Mikono na kisu hupakwa mafuta kidogo ya kupikia kabla ya kumenya, kama alivyofundishwa na mama yake. Madoa ya ubatizo ameniambia niyaache. Anasema yanamkumbusha waliokuja.

5. Rafu wazi ni ya vitu vinavyooshwa kila siku

Tuna jiko la gesi ndani na la kuni uani, na moshi wa kuni huingia dirishani ukikutana na mvuke wa mafuta. Chombo kinachokaa wiki mbili bila kuguswa hupata utando unaonata. Sahani, vikombe vya bati na sufuria mbili zimebaki wazi. Vingine vyote vimehamia kabatini.

6. Taa ya manjano haichambui mchele

Balbu zile za nyuzi zinazoonekana, zenye mwanga wa rangi ya asali, ndizo nilizozitamani kuliko kitu chochote. Tulitundika tatu. Siku ya kwanza mama alichukua ungo, akaenda kukaa mlangoni. Kwenye mwanga wa balbu hakuweza kutofautisha chenga na kijiwe.

Balbu zile mara nyingi huwa na kipimo cha kelvini 2,200, karibu na mwanga wa mshumaa. Kwa kukata na kuchambua tuliweka utepe wa LED wa kelvini 4,000 chini ya rafu ya kwanza, mbele ya mpikaji. Taa iliyo nyuma yako hukutupia kivuli chako mwenyewe juu ya kisu. Balbu za asali ziko juu ya meza ya kulia chakula, ambako hakuna anayetafuta vijiwe.

7. Vigae vyeupe vidogo vinastahili sifa zake

Vile vya inchi tatu kwa sita vilijulikana kwa vituo vya treni ya chini ya ardhi ya New York vilivyofunguliwa mwaka 1904, kwa sababu uchafu unaonekana na kufutika haraka. Nyuma ya jiko la gesi hufanya kazi hiyohiyo. Chagua saruji ya kijivu kwenye viungo. Nyeupe hugeuka njano kwa mafuta.

8. Mashine ya kahawa

Kwenye kona ya stoo palikuwa na mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ya chuma cha kusubu, yenye gurudumu kubwa upande mmoja. Baba aliitumia kumenya kahawa yake yote, akaiosha, akaianika na kuipeleka chama cha msingi, na kutoka hapo ikaenda KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1933. Nilifungua lile gurudumu, nikalisugua likang'aa, nikafunga ndoano nene kwenye boriti ya dari. Nilitaka gurudumu litundikwe juu ya meza, na balbu tatu zishuke kutoka kwenye matindi yake. Lilipendeza kweli.

Mama alilitazama kwa muda.

"Mwezi wa saba tunachuma," akasema. "Utamenya na nini?"

Nililishusha siku hiyohiyo, nikalirudisha kwenye mhimili wake, nikapaka grisi. Msimu ule tulimenya debe kumi na nne, mimi nikizungusha, yeye akimimina maji. Ndoano imebaki pale darini. Balbu tulizisogeza pembeni kidogo, na pale katikati mama hutundika mkungu wa ndizi zinazosubiri kuiva.