Chipukizi Lilelile, Udongo Mwingine

Mkulima hung'oa chipukizi la mgomba nyuma ya nyumba, akalipanda shamba la mbali, na mkungu ukatoka mdogo. Husemwa kuwa mbegu imechoka. Sivyo: chipukizi hurithi vinasaba vyote vya mama yake bila kupungua. Kilichobadilika ni udongo. Nyuma ya nyumba pamelundikana samadi, majivu na maganda ya miaka mingi, na mgomba huhitaji potasiamu kwa wingi.

Hata hivyo, aina hazilingani. Matoke ya asili hudhoofika upesi penye rutuba haba. Kayinja, ndizi ya pombe, huvumilia ukame na udongo hafifu. FHIA 17 na FHIA 23, zilizozalishwa Honduras na kusambazwa Kagera kati ya 1997 na 2002, huzaa mikungu mikubwa, ingawa wengi wetu bado hatujaridhishwa na ladha yake.

Kabla ya kung'oa shamba zima, pandeni aina mbili karibu na nyumba na hizohizo mbali, msimu mmoja. Zikitofautiana katika shamba moja, sababu ni aina. Aina moja ikitofautiana kati ya mashamba mawili, sababu ni udongo, nayo dawa yake ni samadi na matandazo.

Kwa mnyauko bakteria, hakuna aina kati ya hizi iliyo salama. Kayinja huambukizwa kwa urahisi na wadudu watembeleao maua. Atakayeleta machipukizi Ngara kutoka Biharamulo, au kinyume chake, amwone kwanza afisa ugani wa kata.