POVU SI USAFI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mto Luama huanzia katika milima ya magharibi ya ziwa Tanganyika, hupita Kabambare, kisha huingia Lualaba. Vijito vya milimani vinavyoulisha hushuka kwa kasi na kugonga mawe mpaka maji yanageuka meupe. Lualaba nayo, karibu na Kongolo, hubanwa na miamba mahali ambapo Wazungu walipaita Portes d'Enfer, maana yake Milango ya Jahanamu. Meli hazipiti hapo. Ndiyo maana ikajengwa reli ya Kindu na Kongolo.

Weupe ule ni nini? Ni hewa tu. Teka maji hayo katika kikombe, ungoje kidogo, weupe utakwisha. Kitakachobaki ni kile kilichoingia huko juu. Katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 17, Mwenyezi Mungu amepiga mfano wa povu la mafuriko: lenyewe hupotea, na chenye manufaa kwa watu hubaki ardhini.

Wengine husema: "Maji yanayokimbia hayana ubaya." Ndugu, tofautisha mambo mawili. Maji ya mto ambayo najisi haikubadili rangi, ladha wala harufu yake ni twahara, na udhu wake ni sahihi. Lakini kijidudu cha kipindupindu hakibadili rangi, ladha wala harufu. Basi maji yaweza kufaa kwa udhu, na yakamwua mtoto akiyanywa.

Kwa hiyo:

1. Tusiende haja mtoni wala kandokando yake. Mtume (s.a.w.) amekataza kwenda haja penye kuteka maji, njiani na kivulini. Uchafu wa kijiji cha juu ndio kinywaji cha kijiji cha chini.

2. Maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi, yachemshwe mpaka yatokote, yawekwe katika chombo chenye kifuniko.

3. Anayeharisha maji-maji apelekwe upesi kituo cha afya. Njiani anywe kidogo kidogo maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kulinda nafsi ni amana. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa salama kwa jirani zetu wa chini ya mto. Amin.