Maswali na Majibu: Mteja Anapolipwa Ili Asifu

Marudio haya ni ya wafinalisti wa Commerciale et Gestion hapa Punia. Soma swali, funika jibu kwa kiganja, jaribu kwa maneno yako mwenyewe, ndipo ufunue.

Swali la 1. Maoni ya mteja ni nini?

Ni ushuhuda wa mtu aliyekwisha kununua na kutumia, unaomfikia mtu ambaye bado hajanunua. Iwe nyota 5 kwenye ramani ya Google, komenti chini ya picha ya Facebook, au sauti iliyotumwa katika kundi la WhatsApp, kiini ni hicho. Wengi wenu huandika kwamba ni "neno la mteja kwa muuzaji", na hapo alama hupotea. Muuzaji analisikia, lakini anayelihitaji ni mnunuzi ajaye. Huyo mtu wa tatu mkimsahau, maswali yote yanayofuata yatawashinda.

Swali la 2. Kwa nini ushuhuda huo una uzito wa pekee Punia?

Kwa sababu tunanunua tusichokiona. Simu, betri, paneli za sola huagizwa Kindu au Kisangani, zikaingia kwa ndege ndogo au mgongoni mwa pikipiki, na hali ya barabara hamhitaji kufundishwa. Mtu wa Kinshasa akiuziwa simu mbovu asubuhi, mchana amesimama tena mlangoni kwa muuzaji. Wewe wa Punia utairudisha kwa nani, na kwa nauli gani? Kabla ya kutuma makuta kwa M-Pesa au Airtel Money, huna cha kushika ila picha na maneno ya waliokutangulia.

Mimi niliwahi kuagiza betri ya sola kwa muuzaji ambaye chini ya picha zake watu zaidi ya ishirini walikuwa wamemwaga sifa. Ilitupa mwanga wiki tatu. Baadaye nilikutana na mmoja wa wale waliosifu, akaniambia bila kuficha kwamba yeye betri hakuinunua kabisa. Alitumiwa yunite za simu, akaandika. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba upande wa pili wa maneno yake kuna nyumba yenye watoto wanaosubiri taa ili wasome. Ndiyo sababu somo hili nalifundisha polepole.

Swali la 3. Matabishi ya sokoni ni kosa? Eleza tofauti yake na malipo ya sifa.

Swali hili lina alama nyingi, basi mlijibu kwa nafasi.

Mama anayeuza mchele akishajaza kopo huongeza konzi moja juu. Hayo ni matabishi, na hakuna aliyedhulumiwa. Konzi ile mnunuzi anaiona, anaipika, anaila. Imeongezwa kwenye bidhaa. Kesho akirudi kwa mama yule yule ni kwa sababu kweli alipata mchele mwingi zaidi, na akimweleza jirani yake, anamweleza jambo lililotokea.

Sasa mgeuze muuzaji yule aseme: "Nitakuongezea konzi moja ukiwatangazia watu kwamba mchele wangu hauna mawe." Konzi ni ile ile, mchele ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba malipo yameondoka kwenye kopo yakakaa kwenye ulimi. Wawili hawa wamepatana, kila mmoja ameridhika, na atakayevunja jino ni mtu ambaye hakuwapo walipopatana. Tumezoea kupima uhalali wa biashara kwa kuuliza kama muuzaji na mnunuzi wamekubaliana. Hapa kipimo hicho hakitoshi, kwa kuwa wanaokubaliana wanauziana imani ya mtu mwingine.

Shahidi mahakamani akipewa fedha ili aseme jambo fulani, hatuiti zawadi, hata kama jambo lenyewe huenda ni kweli. Hili la mwisho liandikeni wazi: sifa iliyolipiwa inaweza kuwa ya kweli na bado ikawa imeharibika, maana msomaji hana tena njia ya kujua kama ingesemwa bila malipo.

Swali la 4. Kweli au si kweli?

a) Kumwomba mteja atoe maoni ni kosa. *Si kweli.* Ombeni, lakini muwaombe wote, si wale tu mnaowaona wanatabasamu.

b) Zawadi ikitolewa kwa maoni yoyote, mazuri au mabaya, hakuna tatizo. *Si kweli kabisa.* Ni afadhali kuliko zawadi ya sifa tu, lakini mkono uliopokea huona haya kulaumu. Lazima angalau itajwe wazi.

c) Shemeji wa mwenye butiki anaweza kuandika nyota 5. *Kweli,* akisema kwamba ni shemeji.

Swali la 5. Kutaja wazi kwamba umelipwa kunatosha?

Kunasaidia, hakutoshi. Kwa miaka mingi Amazon iliruhusu wauzaji kugawa bidhaa bure au kwa punguzo ili wapate maoni, mradi mwandishi atamke alichopewa. Oktoba 2016 ilipiga marufuku utaratibu huo, ikabakiza mpango wake wenyewe uitwao Vine, ambamo kampuni ndiyo inayochagua waandishi na muuzaji hana sauti juu ya wanachoandika. Zingatieni hapo: kilichoondolewa ni mkono wa muuzaji katika kumchagua shahidi.

Swali la 6. Nini humvuta mfanyabiashara mdogo katika jambo hili?

Faida, na hofu. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichunguza migahawa ya mji wa Seattle, Marekani, kwenye Yelp, tovuti ya maoni ya wateja. Aliona kwamba nyota 1 ya ziada iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9. Ongezeko hilo lilikuwa kwa migahawa inayojitegemea. Ile yenye jina kubwa linalojulikana kila mahali haikutikisika. Maana yake ni kwamba asiye na jina ndiye anayeishi kwa nyota, kwa hiyo ndiye anayejaribiwa zaidi. Kijana aliyefungua butiki yake juzi, jirani yake ananunua sifa, yeye hanunui, anaona wateja wanavuka barabara. Jibu lisilomhurumia kijana huyo nalihesabu kuwa pungufu. Lakini kumhurumia si kumpa ruhusa.

Swali la 7. Sheria zinasemaje?

Kwetu, Kanuni ya Dijitali ilitolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, nayo inagusa biashara ya mtandaoni. Tajeni namba na tarehe. Msibuni kifungu msichokikumbuka.

Marekani, tume ya biashara FTC ilipitisha kanuni Agosti 2024, ikaanza kazi tarehe 21 Oktoba mwaka huo. Inakataza maoni ya uongo, na inakataza kumlipa mtu kwa sharti kwamba maoni yake yawe mazuri, au yawe mabaya dhidi ya mshindani. Ilipotangazwa, faini ingeweza kufika dola 51,744 kwa kila kosa. Uingereza nayo ina sheria ya 2024, na sehemu yake kuhusu maoni ya uongo imetumika tangu Aprili 2025.

Kuficha lawama nako ni kosa la ukoo huo huo. Januari 2022 kampuni ya nguo ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 4.2 baada ya FTC kuituhumu kwamba ilizuia maoni ya chini ya nyota 4 yasionekane.

Swali la 8. Toa mfano wa karibu nasi wa alama ya sifa inayotiliwa shaka.

Msikimbilie Amerika. Tazameni mfuko wa kasiteriti, madini yanayotoa bati.

Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji na biashara ya madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ikaruhusu tena Machi 2011. Wanunuzi wa nje walitaka uthibitisho kwamba bati halikupita mikononi mwa wenye silaha. Ndipo zikaja etiketi za mpango wa ITSCI: mfuko unafungwa na kupewa namba inayosema umetoka shimo gani. Etiketi ile ni ushuhuda kwa mtu aliye mbali asiyeweza kuja kuliona shimo, kama zile nyota 5 kwa mnunuzi wa betri. Na mpango huo unaendeshwa kwa ada zinazotozwa kwenye madini yenyewe.

Aprili 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti likidai kwamba huko Kivu etiketi zilifungwa kwenye madini ya mashimo ambayo hayakuidhinishwa. ITSCI ilikanusha. Oktoba mwaka huo, RMI, jumuiya ya makampuni inayosimamia uwajibikaji katika madini, iliuondoa mpango huo katika orodha ya mipango inayoitambua.

Katika mtihani msijifanye mahakimu wa kesi hiyo. Onesheni kanuni tu: etiketi moja ikishukiwa, mchimbaji aliyetoa jiwe lake kwa njia halali naye anashukiwa, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hana jicho la kutofautisha mfuko na mfuko.

Swali la 9. Zoezi. Butiki ya simu inaandika kwenye kila risiti: "Tupe nyota 5, upate yunite ya franka 1,000." Mama mmoja, ambaye simu yake inapata moto ikichajiwa, anatoa nyota 5 kwa sababu anahitaji kumpigia mwanawe aliye Kindu. Nani ana kosa?

Wote wawili, lakini si kwa uzani mmoja. Mwenye butiki ndiye aliyeweka sharti, akijua kwamba franka 1,000 kwa mtu asiye na yunite si kitu kidogo. Mama alisema asichokiamini, na simu inayopata moto inaweza kumuunguza mtoto wa mwingine. Hilo tusilifunike kwa sababu ya uhitaji wake. Atakayetupa lawama yote kwa mama nitampa nusu ya alama.

Swali la 10. Na mteja anayesema, "Nipunguzie, ama nitakuandika vibaya"?

Ni ushuhuda ule ule unaouzwa, ila sasa muuzaji wake ni shahidi.

Swali la 11. Mfanyabiashara aliyekwisha kununua sifa na sasa anataka kuacha, afanye nini?

Kwanza afute risiti na matangazo yenye sharti. Pili, awaombe waliolipwa waondoe walichoandika, au waongeze mstari kwamba walipewa yunite. Baadhi watakataa, hao asiwalipe tena ili wakubali. Tatu, malalamiko ayaache pale pale yalipo na kuyajibu kwa jina lake: "Mama, betri hiyo niletee, nitakupa nyingine Jumatatu." Na Jumatatu betri iwepo. Atapoteza wateja kwa miezi kadhaa. Andikeni hilo pia katika jibu, kwa kuwa mtahini anataka kuona kwamba mmehesabu gharama.