Ukienda Kisale, Chukua Daftari

Msomaji wa Mombasa au Dodoma akiona watu wananiita yaya asishangae: huku kwetu Dilala yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa kuajiriwa. Wiki hii nimeweka kando barua za wachumba na za mawifi, maana imeingia moja niliyoisoma mara tatu, na mara zote tatu nimejikuta natabasamu.

Aliyeandika ni binti wa miaka 23, wa hapahapa Kolwezi. Yeye na wenzake watatu wamechanga fedha tangu Pasaka. Mvua za kwanza zikianguka, mwezi wa kumi, wanataka kushuka Bukama, wapande mashua hadi Kikondja, wafike kwenye visiwa vinavyoelea vya ziwa Kisale. Wanakwenda kutafuta ndege wanaotoka Ulaya na Asia, hasa wale adimu. Kaka yake amemwambia hizo ni pesa za kuchezea, mwenye akili angenunua simu. Mama yake haongei habari ya pesa, anaongea habari ya maji. Na yeye mwenyewe anauliza: "Yaya, tukienda tusimwone hata mmoja wa maana, si tutachekwa?"

Mdogo wangu, nenda. Nakujibu mapema ili usisome yaliyobaki moyo ukiwa juu juu. Nenda, lakini kaa kwanza tuongee.

Tuanze na kaka. Usigombane naye, mtoe nje asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, mtazame nyaya za umeme. Wale mbayuwayu waliojipanga pale, wenye koo la rangi ya kutu na mkia wa panda, hawakuwepo mwezi wa saba. Mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, kama vijiko vinne vidogo vya sukari. Amezaliwa pengine chini ya paa la zizi la ng'ombe huko Poland au Urusi, akavuka jangwa la Sahara kwa mabawa hayo hayo. Kisha mwinue uso asikilize keremkerem wakipita juu kwa makundi, sauti yao inatangulia kabla hujawaona. Mkipata nafasi ya kwenda bwawa la Nzilo, lile lililoitwa Delcommune lilipojengwa miaka ya 1950, mtawakuta chekeamwezi wakitikisa mikia pembeni mwa matope. Waingereza walianza mwaka 2011 kuwafunga kekeo wao vifaa vya setilaiti, na wakaona wengi wanamalizia safari katika misitu ya bonde la Kongo. Kozi wa Amur wanatoka mpakani mwa Urusi na China, wanapita India, wanavuka Bahari ya Hindi ndipo wanaingia Afrika. Mwulize kaka: nani mwingine anatoka mbali hivyo kuja Katanga bila kutaka shaba yetu?

Na kama anadhani njia ya kwenda Kisale ni uvumbuzi wa wasichana wa mjini, mwambie habari za Sanga. Pale ukingoni mwa ziwa, kuanzia mwaka 1957, wataalamu walifukua makaburi ya watu walioishi huko zaidi ya miaka elfu iliyopita, wakakuta vyungu vizuri ajabu na mapambo ya shaba. Shaba ilishuka Kisale zamani sana kabla ya reli kufika Bukama mwaka 1918. Wewe unafuata nyayo za nkambo zako.

Sasa neno "adimu". Hapo ndipo nataka tuelewane, maana barua yako imelitaja mara sita.

Ulaya wapo watu wanaofanya safari kama yako, mwezi huohuo wa kumi. Wanapanda boti kwenda visiwa vidogo, Helgoland upande wa Ujerumani, Scilly upande wa Uingereza, kwa sababu ndege aliyechoka au aliyesukumwa na upepo akiona nchi kavu katikati ya bahari hutua. Wanatafuta yule wa Siberia aliyekosea njia. Akionekana mmoja, habari inaenea na watu wanaacha kazi kwenda kumtazama. Siwalaumu, ni mapenzi. Lakini ndege adimu wa kule, mara nyingi, ni ndege aliyepotea. Wa kwetu ni ndege aliyefika. Huyu wa matopeni Kisale hajakosea kitu, amekuja mahali anapopajua, kama mama yake alivyokuja. Kwa hiyo ukienda na akili ya kutafuta aliyepotea, utawapita elfu waliofika, na utarudi unasema hukuona kitu.

Tena adimu wa kweli wa maji yale hata si mgeni. Mwaka 1928 Mmarekani James Chapin aliandika habari za kandege kadogo kala mbegu, kenye weusi mbele ya macho, ka kwenye majani marefu ya mto Lualaba na ziwa Upemba. Hakajulikani mahali pengine duniani, na baada ya 1950 miongo mingi ilipita bila mtaalamu kukaona. Kwa hiyo usiyadharau majani yaliyo karibu na mashua wakati macho yako yako mawinguni.

Niwaeleze jambo ambalo hadi leo linaniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka Kikondja mwezi wa kumi na moja, tukapelekwa kwa mtumbwi hadi kisiwa kimoja cha wavuvi. Visiwa vile si ardhi. Ni mafunjo, mizizi yake imesukana ikawa mkeka mnene unaoelea, watu wanajenga vibanda juu, na ya chini yakizama wanaongeza mapya. Ukikanyaga panabonyea kama godoro na maji yanachungulia katikati ya vidole vyako. Kuku wanatembea humo, watoto wanakimbia, sufuria ya bukari iko motoni. Papa mwenye kisiwa alitupokea vizuri. Binti yake mdogo alikuwa na uzi shingoni, na kwenye uzi kipete chembamba cha rangi ya bati, kidogo kuliko punje ya mahindi. Nikaomba nikishike. Maandishi yalikuwa madogo hata nikayasoma kwa kukigeuza juani: MOSKWA, halafu namba.

Papa akasema kilitoka mguuni mwa ndege wa matopeni aliyenasa kwenye wavu. Mwaka gani? Akafikiri. Mke wake akasema ni kabla ya mtoto wa tatu. Papa akasema hapana, ni ule mwaka wa mafuriko. Mwezi hakuna aliyeukumbuka. Na mimi sikuwa na daftari, nikaandika namba kiganjani kwa kalamu. Jioni mvua ilitupiga tukiwa kwenye maji, na nilipofika Kikondja kiganja kilikuwa cheupe.

Mnaelewa kilichopotea? Desturi hii ya pete aliianzisha mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899. Aliwavisha kwezi pete nyepesi za alumini zenye namba, akawaachia. Tangu hapo watu wamevisha mamilioni ya ndege, na kazi yote inategemea mtu wa upande wa pili: mvuvi, mkulima, mtoto wa shule, anayeiona pete na kupeleka namba, mahali na tarehe. Mtu fulani Urusi alimshika ndege yule mkononi, akaandika siku, akamwachia. Ndege akatimiza sehemu yake mpaka Kisale. Sehemu yetu sisi ndiyo iliyokosekana.

Na zamani hatukukosa kujibu. Hapo kale Wazungu wengi waliamini mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa wakati wa baridi. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umepita shingoni, na mti wa mkuki ulikuwa wa Afrika. Amerudi nao, yuko hai. Ndipo wakaona kwa macho yao korongo huenda wapi. Korongo yule amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Jina la aliyerusha mkuki hakuna aliyeliandika. Mdogo wangu, wewe jina lako liandike, ukurasa wa kwanza wa daftari.

Maana vitabu vyetu vya ndege wa huku ni vya zamani. Msafara wa utafiti wa de Witte ulizunguka Hifadhi ya Upemba kuanzia 1946 hadi 1949, na kitabu cha ndege cha René Verheyen kilitoka 1953. Bibi yako alikuwa msichana. Leo binti wa Dilala akiandika "tarehe 14 mwezi wa kumi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, buabua 40 juu ya mafunjo, upepo unatoka mashariki, mvua jana usiku", hiyo ni habari ambayo mtaalamu aliye mbali hawezi kuipata kwa pesa. Hata ukiandika "leo mbayuwayu hakuna", umeandika kitu. Hesabu wa kawaida wote. Usipomjua ndege jina, chora mdomo na miguu, uliza mvuvi anamwitaje kwa Kiluba, andika na hilo.

Sasa mama. Mama ana haki, na sitaki mumwone mshamba. Lualaba inaua. Msipande mashua iliyojaa mpaka maji yanalamba ubao, hata kama ndiyo ya mwisho ya siku, laleni Bukama. Msisafiri usiku. Mwanzo wa mvua dhoruba hupenda mchana, basi ondokeni alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya ndege pia. Kila mmoja na jaketi lake la kuelea, mlinunue kabla hamjanunua darubini. Kiboko mpisheni mbali, msikilizeni mpiga kasia, yeye ndiye anayejua mahali pa kupita.

Na maji ya kunywa. Kipindupindu kimekaa miaka mingi katika maziwa ya Upemba, Bukama na Kikondja wanakijua vizuri. Chemsheni kila tone, au wekeni dawa, hata ya kupigia mswaki. Mchukue bidoni yenu yenye kifuniko. Mtu akianza kuharisha sana, msingoje: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Chandarua ni lazima. Msioge ufukweni penye majani, kuna kichocho.

Kwa sisi wanawake, mambo ambayo wavulana hawatawaambia: kisiwani choo ni taabu, basi vikwembe viwili kila mmoja, kimoja cha kuvaa na kimoja cha kushika kama pazia. Vitambaa vya mwezi chukueni hata kama siku zenu ziko mbali, safari hubadilisha siku. Mkae kwenye familia yenye mama wa nyumba, mmsalimie yeye kabla ya ndege wowote, na msiende mikono mitupu. Chumvi na sabuni hupokelewa vizuri kila kisiwa.

Darubini nayo ina adabu yake. Mji wetu umezungukwa na uzio wa migodi, na mtu anayechungulia na vioo viwili huulizwa maswali. Msiifungue karibu na mgodi, daraja wala kambi ya askari. Bukama iko Haut-Lomami, tangu mgawanyo wa 2015 ni jimbo lingine, kwa hiyo kadi ya mpiga kura iwe mfukoni na mjitambulishe kwa shefu wa mahali kila mnapofika. Mkitaka kuingia hifadhini, ruhusa ni ya ICCN, shirika la serikali la hifadhi. Ulizeni habari za usalama wiki ya safari yenyewe, na mkiambiwa njia si nzuri, ahirisheni. Ndege watarudi mwakani.

Jambo moja nitawakataza kabisa. Watu wakijua mnapenda ndege, watawaletea aliyefungwa mguu, pengine kifaranga cha korongo nyangumi, wakitaka dola. Usinunue hata kwa huruma. Ukinunua mmoja, kesho wanakamatwa watatu.

Kuhusu kuchekwa: mtachekwa, ndiyo. Kaka atauliza mmeona nini, mtamwambia chekeamwezi, naye atacheka. Mwacheni acheke, mnyosheeni daftari. Mwaka wa pili litakuwa na tarehe mbili za kulinganisha, mwaka wa tatu tatu, na mtaanza kuona kama wageni wanawahi au wanachelewa, kama wanapungua, kama matope yanayoshuka kutoka huku kwetu migodini yanabadilisha mahali wanapotua. Maji yanayopita Nzilo ndiyo hayohayo yanayofika Kisale.

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi ni siku ya ndege wahamao duniani. Kama fedha za safari hazijatosha, au mama bado hajakubali, siku hiyo anzeni na nyaya za umeme za Dilala. Na ninyi wengine mnaosoma, mlio Bukama, Kikondja, Malemba Nkulu, kama kuna pete ndogo kwenye uzi wa mtoto au chini ya sanduku la papa, niandikieni namba yake na kila mnachokumbuka. Barua ianze na tarehe.