Kufundisha Uchunguzi wa Majani Yaliyojikunja na Kuharibika Katika Bustani ya Shule

Utangulizi

Bustani ya shule si jambo geni nchini mwetu. Waraka wa Elimu ya Kujitegemea uliotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967 uliipa kazi ya shamba nafasi ya heshima katika elimu. Hata hivyo, bustani yaweza kulimwa miaka mingi bila kufundisha lolote. Wanafunzi hupalilia na kumwagilia. Majani yakianza kujikunja, mwalimu hutaja jina la ugonjwa, dawa hunyunyizwa, na kazi huendelea. Hapo mikono imefanya kazi, lakini akili imelala.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kuligeuza jani lililoharibika liwe somo la sayansi. Hoja yetu ni moja: jani lililojikunja ni dalili, wala si sababu. Dalili moja yaweza kuletwa na sababu nyingi, na kazi ya mwalimu ni kuwazoeza wanafunzi kuzitenganisha kabla ya kutoa hukumu.

Uzito wa jambo hili

Katika Mkoa wa Njombe, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Iringa, viazi mviringo, mahindi, maharage na kabichi ni chakula cha nyumbani na pia fedha ya sare na madaftari. Mzazi anayenunua dawa isiyostahili hupata hasara mara mbili: fedha imekwenda na ugonjwa umebaki. Dawa ya ukungu haiui vidukari. Dawa ya wadudu haizuii bakajani. Na mnyauko wa bakteria hauna dawa ya kunyunyiza inayouponya. Mwanafunzi aliyezoea kubahatisha shuleni atabahatisha pia katika shamba la mzazi wake.

Historia inatupa onyo. Mwaka 1845 bakajani chelewa iliangamiza viazi vya Ireland, na katika miaka ya njaa iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa. Wataalamu wengi wa wakati ule waliuona ukungu juu ya majani, lakini wakadai kwamba ulikuwa matokeo ya kuoza, na kwamba chanzo kilikuwa mvua na baridi. Mwaka 1846 Miles Joseph Berkeley alishikilia kuwa ukungu wenyewe ndio chanzo. Anton de Bary alikuja kulithibitisha hilo kwa majaribio mwaka 1861. Wote walikuwa wameliona jani lile lile. Kilichowatenganisha ni namna ya kuliuliza maswali.

Maswali manne ya kuanzia

Kabla ya kutaja jina la ugonjwa wowote, kila kikundi kijibu maswali haya:

1. Ni mimea ipi iliyoathirika? Ni mmoja mmoja, tuta zima, au mazao ya aina mbalimbali kwa pamoja?
2. Ni majani yapi? Machanga ya juu, au makuukuu ya chini?
3. Upande wa chini wa jani una nini? Wadudu, utando, ukungu, au hauna kitu?
4. Dalili zilianza lini, na nini kilitangulia? Mvua, baridi kali, ukame, kupogolea, au kunyunyiza dawa?

Mahali nako kuna ushahidi wake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na una baridi na ukungu mwingi. Makambako, kiasi cha kilomita 60 upande wa kaskazini, iko chini kidogo na ni kavu zaidi. Katika majira ya mvua, mwalimu aliye Njombe yampasa kuikumbuka mapema bakajani ya viazi. Mwenzake wa Makambako, katika miezi ya kiangazi, ana sababu ya kutazama kwanza vidukari, utitiri na upungufu wa maji. Lakini huo ni mwanzo wa uchunguzi tu, si mwisho wake.

Dalili zinazofanana na sababu zake

(a) Majani machanga ya kabichi au maharage yamekunjamana, yananata, na sisimizi wanapanda na kushuka. Geuza jani: aghalabu utakuta vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Sisimizi hufuata utomvu mtamu wanaoutoa.

(b) Majani ya chini ya kiazi yamejiviringa kuelekea juu, ni magumu, na hukwaruza yanapoguswa. Huenda ni virusi vya kuviringa majani. Virusi hivi huenezwa na vidukari na hukaa ndani ya kiazi mbegu. Kwa hiyo shina la namna hiyo lisitolewe mbegu.

(c) Majani ya chini ya nyanya yamejiviringa kuelekea juu, lakini ni ya kijani na matunda yanakua vyema. Mara nyingi sababu ni jua kali, ukame, au kupogolewa kupita kiasi. Mmea huu hauhitaji dawa.

(d) Majani ya nyanya yamekuwa membamba na yamepindapinda kama kamba. Ulizeni kama bomba lililotumika liliwahi kutiwa dawa ya kuua magugu.

(e) Majani ya viazi yana mabaka yanayoonekana kama yamelowa maji, kisha yanakuwa meusi. Asubuhi yenye unyevu, ukungu mweupe huonekana upande wa chini. Hiyo ni bakajani chelewa, ambayo hushambulia nyanya pia. Kwa sababu hiyo haifai kupanda mazao haya mawili bega kwa bega.

(f) Majani yote ya bondeni yamekuwa meusi kwa usiku mmoja, na matuta ya mlimani ni salama. Katika miezi ya Juni na Julai hiyo huwa ni jalidi, yaani umande ulioganda. Hewa ya baridi huteremka na kutuama mabondeni, na ndiyo maana bustani za vinyungu huumia kwanza.

(g) Mmea umenyauka ghafla ilhali majani bado ni ya kijani na udongo una maji. Kata kipande cha shina, ukining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria.

Hatua za somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Zana ni madaftari, kioo cha kukuzia, glasi ya maji, wembe utakaotumiwa na mwalimu peke yake, na mifuko ya plastiki yenye kuonesha.

Hatua ya kwanza, vikundi vya wanafunzi watano au sita viende bustanini, kila kimoja kwenye tuta lake. Ukurasa wa daftari ugawanywe sehemu mbili: "Tulichoona" na "Tunachodhani". Sehemu ya pili isiandikwe hata neno moja mpaka maswali manne yamejibiwa.

Hatua ya pili, darasani, kila kikundi kisome kilichoona. Mwanafunzi akisema, "Ni bakajani," mwalimu asimjibu ndiyo wala siyo, amwulize, "Umeona nini kilichokuonesha hivyo?" Wenzake watasikia iwapo jibu lina ushahidi.

Hatua ya tatu ni kujaribu dhana. Jani linaloshukiwa kuwa na bakajani litiwe katika mfuko pamoja na karatasi yenye unyevu, liachwe usiku kucha. Ukungu mweupe ukiota, dhana imepata nguvu. Mmea unaoshukiwa kuwa na kiu umwagiliwe jioni na kutazamwa asubuhi.

Hatua ya nne ni uamuzi. Wanafunzi waseme kipi kifanyike na kwa nini. Jaribio la glasi likithibitisha mnyauko, mmea ung'olewe pamoja na udongo wa mizizini, majembe yaoshwe, na tuta lisipandwe viazi, nyanya wala bilinganya msimu ujao. Viazi vya tuta hilo visigawiwe wanafunzi kuwa mbegu, hata kama vinaonekana vizuri. Shule inayofanya hivyo huweza kupeleka ugonjwa katika kila nyumba ya kijiji.

Tahadhari

Wanafunzi wasinyunyize dawa za sumu wala kuosha mabomba. Pale ushahidi usipotosha, mwalimu aseme wazi kwamba haujatosha, na amwite afisa ugani. Sampuli zaweza pia kupelekwa kwa watafiti wa kilimo wa Uyole, Mbeya. Kukiri hivyo mbele ya darasa hakumshushii mwalimu heshima. Huwafundisha watoto kwamba jibu hungojea ushahidi.

Zoezi kwa mwalimu mwanafunzi

1. Andaa somo la vipindi viwili ukitumia dalili (b) na (c). Ni swali lipi litakalowasaidia wanafunzi kuzitofautisha?
2. Mzazi amekuja shuleni na jani moja la kiazi mkononi, akitaka kuambiwa dawa ya kununua. Utamwuliza nini kabla ya kumjibu?