SOMO LA UFUNDI: Kompyuta Inapokataa Kuiona Bodi



Mwanagenzi mmoja wa karakana ya vyombo vya umeme alituletea bodi ya majaribio iliyofungwa katika gazeti. Alikuwa ameambiwa kwamba ameiunguza, na kwamba bei yake itakatwa katika mshahara wake kwa awamu mbili. Ushahidi wa msimamizi wake ulikuwa mmoja tu: bodi ikichomekwa, kompyuta haiioni. Tuliichomeka kwa waya wetu wenyewe, tukaweka draiva inayostahili, na kabla chai haijapoa bodi ilikuwa inafanya kazi. Kwa hiyo tumeliweka kando somo tulilolikusudia, tukaona afadhali tuandike hili.

Bodi yenyewe ni ile ndogo iitwayo Arduino Nano, au tuseme nakala yake, ambayo mafundi huitumia kujaribia programu kabla ya kuunda chombo kamili. Ndani yake mna chipu mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ndiyo inayobeba programu ya fundi na kuitekeleza. Ya pili kazi yake ni ukalimani: hupokea maneno ya kompyuta yanayokuja kwa njia ya USB na kuyafikisha kwa chipu ya kwanza. Draiva ni programu inayokaa katika kompyuta, wala si katika bodi, nayo ndiyo inayoiwezesha kompyuta kusema na mkalimani huyo. Ikikosekana, bodi huweza kuwa nzima kabisa na isifae kitu.

Tuanze na waya, maana hapo ndipo wengi hupotea. Waya wa kawaida wa USB una nyaya nne ndani: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya kurudishia, na mbili za habari, aghalabu ya kijani na nyeupe. Nyaya nyingi za bei rahisi za kuchajia simu zina mbili za kwanza tu. Ukizitumia, taa ya bodi itawaka vizuri, nawe utaapa kwamba waya ni mzima, kumbe habari hazina njia ya kupita. Taa kuwaka ni dalili ya umeme tu. Chukua waya uliokwisha kuhamisha picha au mafaili kutoka simu kwenda kwenye kompyuta. Huo una nyaya zote nne. Kisha jaribu tundu jingine la kompyuta, bila kupitia kigawanyishi.

Waya ukiwa sawa, fungua dirisha la Device Manager kama kompyuta inatumia Windows, uchomoe bodi na kuichomeka tena huku ukitazama. Hapa ndugu tunaomba mtulie, kwa kuwa sehemu hii ndiyo yenye faida kuliko zote. Kila kifaa cha USB kinapochomekwa hujitambulisha kwa nambari mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Utazikuta katika sifa za kifaa, chini ya Details, mahali palipoandikwa Hardware Ids. Nakala nyingi za Nano zina chipu ya CH340 ya kampuni ya WCH ya Uchina, nayo hujitaja 1A86 na 7523. Chipu ya FT232 ya kampuni ya FTDI hujitaja 0403 na 6001.

Ukiona nambari hizo pamoja na maandishi Code 28, maana yake ni kwamba kifaa kimeonekana ila draiva haijawekwa. Mkalimani aliyeungua hawezi kutaja jina lake. Lakini ukiona Code 43 na maneno Device Descriptor Request Failed, kompyuta imehisi kwamba kitu kimechomekwa, imekiuliza jina, kikashindwa kujibu. Hapo rudia waya na tundu kwanza. Ukishabadilisha vyote, kisha ukajaribu kompyuta nyingine na jibu likawa lile lile, ndipo uanze kuishuku bodi yenyewe na lehemu za tundu lake.

Draiva ichukuliwe kwa mtengenezaji wa chipu, siyo mahali popote palipoandikwa "bure". Nako kuna kikwazo ambacho hakimhusu fundi hata kidogo: kuweka draiva katika Windows kunahitaji ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, na karakana nyingi hazimpi mfanyakazi ruhusa hiyo. Yule mwanagenzi hakuwa nayo. Alilaumiwa kwa mlango ambao ufunguo wake alinyimwa.

Wanaotumia Linux kwa kawaida hawahitaji kuweka draiva hizi, kwani zimo ndani ya mfumo. Amri ya lsusb itakuonyesha nambari zile zile. Zikionekana lakini ukanyimwa kufungua mlango, mara nyingi jina lako halimo katika kundi la dialout. Kadhalika, katika Ubuntu ya 22.04 programu ya brltty, iliyowekwa kwa ajili ya vifaa vya wasioona, huinyakua CH340 ikidhani ni chombo chake, na bodi hutoweka mara tu baada ya kuonekana. Kama hakuna anayetumia kifaa cha aina hiyo katika kompyuta hiyo, iondoe.

Wako watakaosema: nambari haiwezi kudanganya. Huweza. Chipu ya FT232 ilighushiwa sana duniani, na mwaka 2014 FTDI ilitoa draiva mpya iliyosambazwa kwa njia ya Windows Update. Draiva hiyo ilipokutana na chipu ya bandia iliibadilisha nambari ya bidhaa, 6001 ikawa 0000, na tangu hapo kompyuta haikuitambua tena. Watu walidhani bodi zao zimekufa. Hazikufa, nambari iliweza kuandikwa upya kwa draiva ya zamani na programu ya FT_Prog. Kelele zilikuwa kubwa na draiva ile ikaondolewa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Sisi hatuwatetei wanaoghushi chipu. Lakini fundi aliyekabidhiwa bodi na bohari hakuichagua yeye, na hana chombo cha kumwonyesha iliyo halali kwa kuitazama tu.

Draiva ikikubali, mlango wenye jina kama COM3 utatokea. Ili kuhakikisha kwamba mkalimani ni mzima, unganisha pini ya RST na GND ili chipu kuu inyamaze, kisha unganisha RX0 na TX1 kwa waya mfupi. Andika herufi katika dirisha la mawasiliano. Zikirudi kama ulivyoziandika, njia yote ni nzima tangu kompyuta hadi mwisho wa bodi. Kama hata hivyo programu inakataa kupakiwa, jaribu kuchagua Old Bootloader: Nano za kabla ya mwaka 2018 na nakala nyingi hutumia mwendo wa 57600 badala ya 115200.

Andika kila hatua katika karatasi: saa, waya uliotumia, kompyuta, nambari ulizoziona, maneno ya Code. Kifungu cha 8 cha Mkataba wa 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, chasema mshahara usikatwe ila kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. "Kompyuta haiioni" si sharti mojawapo.

Mwanagenzi wetu alirudi karakana na bodi, waya mpya, na karatasi ya ukurasa mmoja. Awamu ya pili haikukatwa. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kuchukuliwa, na katibu wa tawi bado anaidai.