TAIPURETA ZA ZAMANI NA UTUNZAJI WAKE

Katika mwaka wa 1808, nchini Italia, mwanamke kipofu jina lake Carolina Fantoni alimwandikia rafiki yake Pellegrino Turri barua kwa mashini. Baadhi ya barua hizo zingaliko hata leo. Lakini mashini yenyewe ilipotea, wala hakuna ajuaye ilivyofanya kazi.

Taipureta ya Christopher Latham Sholes, mhariri wa gazeti huko Milwaukee, Marekani, haikupotea hivyo. Ilianza kuuzwa katika mwaka wa 1874, ikitengenezwa na kiwanda cha Remington, kilichojulikana kwa bunduki. Iliandika herufi kubwa tu. Tena vyuma vyake viliipiga karatasi kutoka chini, hata mwandishi asiweze kuona alichokiandika mpaka karatasi ipande juu. Herufi ndogo ziliongezwa mwaka wa 1878.

Wakusanyaji wa taipureta huchunguza mambo kama hayo kwanza, kwa maana uzee peke yake hauipi mashini thamani. Nyingine ni za miaka mingi, lakini zilitengenezwa kwa wingi sana, basi bei yake ni ndogo.

Kwa hiyo mtu aliyerithi taipureta asifanye haraka kuipaka rangi mpya wala kung'oa vyuma vyake. Rangi ya kwanza, hata ikiwa imechubuka, ni ushahidi. Aifute vumbi kwa brashi laini, aiweke mahali pakavu, kisha aitafute namba yake, ambayo mara nyingi huonyesha mwaka ilipotengenezwa. Ikiharibiwa, barua zake peke yake hazitaweza kueleza ilivyokuwa.